Hatukutia Maji

Siku ile kwenye daftari langu niliandika mistari mitatu tu, na mmoja nimeukata. Kwa hiyo haya mengine nayatoa kichwani, na kichwa changu si cha kuaminiwa sana. Ila maneno niliyoandika nyuma ya ile karatasi nayakumbuka yote, kwa sababu niliyarudia moyoni wiki nzima nikijiuliza kama nimewaponza wenzangu.

Ilikuwa miaka ile tulipoambiwa na serikali kuwa kila kitu ruksa. Kahawa ilikuwa imeshuka bei, na huku kijijini kwetu Akheri watu walianza kung'oa mibuni, wengine kwa kujificha ficha, kwa kuwa baba zao walikuwa bado hai. Ikaja kampuni iliyotaka maharage machanga, yale yanayoliwa na ganda lake, ya kupelekwa Ulaya kwa ndege. Tukaunda kikundi cha akina mama kumi na wanne. Mimi nikafanywa katibu. Si kwamba nilisoma sana, niliishia darasa la saba, ila mwandiko wangu unasomeka.

Tulikuwa tunakusanyikia kwenye kibanda cha zamani cha ushirika, kilichokuwa cha kupimia kahawa. Kila Jumatatu na Alhamisi lori la kampuni linakuja, linachukua katoni zilizojaa na kutuachia tupu. Msimamizi wetu alikuwa bwana shamba wa kampuni, mtu mzima mwenye familia, mwenyeji wa Kilimanjaro, anakaa Lemara. Alikuwa mtu mzuri. Nasema mapema ili nisije nikaonekana namsema vibaya huko mbele.

Mwanzoni alikuja naye mnunuzi mzungu, akatufundisha huku bwana shamba akitafsiri. Maharage yawe membamba, yanyooke, yasiwe na mdudu. Kila katoni kilo mbili. Akamalizia kwamba mteja wa kule ndiye mkubwa wetu sote, akiridhika tutauza miaka na miaka. Hiyo ya kilo mbili niliisikia, siwezi kujitetea hapo. Lakini lililonikaa ni lile la mteja.

Sasa, sokoni kwetu mtu akinunua kopo la maharage, unajaza, halafu unamwongezea kiganja juu. Hiyo ni nyongeza yake. Muuzaji anayepitisha mkono kusawazisha kopo, watu wanamwona, na Jumamosi inayofuata wanampita. Nikawaza: huyu mtu ananunua toka mbali hivyo, hajaona hata sura zetu, halafu tumpimie kama tunayemfukuza? Nikawaambia wenzangu tuweke kiganja kimoja juu kila katoni, tufunge. Wakafurahi. Kifuniko kilipogoma, tulikikalia. Wazo lilikuwa langu mimi, si la kikundi, na iandikwe hivyo.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi lori likarudi na katoni zetu zote. Zilikuwa zimelowa chini. Bwana shamba alifungua moja, harufu ikatoka kama majani yaliyovundikwa. Maharage yalikuwa yamevunjika, yametoka jasho, mengine yameshaanza kuwa meusi.

"Shikamoo bibi," alimsalimia kwanza mkubwa wetu, bibi mmoja ambaye alikuwa na meno machache na maneno mengi.

"Marahaba. Umetuletea maiti, mwanangu?"

Hakucheka. Akatoa karatasi, akaniambia mimi kama katibu nitie sahihi. Ilikuwa ya Kiingereza. Nikamwomba anisomee mbele ya wote. Akasitasita, akasoma: wakulima wa kikundi hiki wanakiri kwamba wametia maji kwenye maharage ili kuongeza uzito, kwa nia ya kudanganya.

Wote wakasema kwa pamoja.

"Nani ametia maji?"

"Akina mama, sikilizeni," alisema bwana shamba. "Kule ofisini wanapima upya, wanalipa kwa kilo. Katoni zenu zimezidi uzito na zimelowa. Wao waone nini?"

Hapo lazima niwe mkweli. Sisi tulidhani tunalipwa kwa katoni. Ningekuwa mimi nimekaa ofisini, nimeletewa maboksi mazito yanayodondosha maji, huenda ningewaza hivyo hivyo. Nikamweleza habari ya kiganja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajipangusa uso.

"Mama, mimi nakuamini. Hata mama yangu Marangu anaongeza. Lakini fomu imeshachapwa. Weka sahihi, ni ya kwenye faili tu. Jumatatu lori linakuja kama kawaida."

"Nisipoweka?"

"Halitakuja."

Mashambani maharage yalikuwa yamefikia kiasi, ya kuchumwa kesho na keshokutwa, na hayangoji. Kila mtu pale alijua. Mama mmoja mjane, aliyekuwa na binti shule ya bweni, akanigeukia.

"Katibu, jina lako lina dhahabu? Andika tuondoke."

"Si jina langu peke yake. Imeandikwa wakulima wa kikundi."

"Wakulima gani, huko Ulaya wananijua mimi? Mimi nina mtoto anayerudishwa nyumbani mwezi huu."

Mwingine akasema karatasi haimng'ati mtu. Mwingine akasema ikishakaa kwenye faili, siku yoyote wakikosa cha kutulipa wataitoa. Walikuwa nusu kwa nusu, wote wana sababu. Ndipo yule bibi akasimama, akashika nguzo ya kibanda.

"Hapa hapa ilikaa mizani ya ushirika. Ilinipunja kahawa yangu tangu nimeolewa. Nimewahi kuona karani anaandikishwa kwamba anakiri? Leo mimi niliyezidisha ndiye nikiri? Kuandika sijui, lakini hata dole gumba langu hawalipati."

Kwa haki, ushirika huo huo ulitujengea zahanati. Lakini kuhusu mizani bibi hakukosea.

Nikaiweka kalamu juu ya katoni. Nikasema mimi siandiki kwamba nimedanganya, kwa sababu sikudanganya, lakini sitawazuia. Anayetaka kuwa katibu leo achukue kalamu, aweke sahihi, nami nitamkabidhi daftari bila kinyongo.

Hakuna aliyesogea. Dereva alishuka kuja kuona tumekufa au vipi. Kisha yule mjane akasogea, akaichukua kalamu. Nikajua yamekwisha. Akaigeuza geuza, akanitupia.

"Andika ya kwako basi, tujue moja. Lakini lori lisipokuja, mimi nitakuja kula kwako, mimi na mtoto."

"Karibuni."

Nikaigeuza karatasi, nikaandika nyuma kwa Kiswahili: "Hatukutia maji. Tuliongeza maharage kwa heshima ya mteja. Yameharibika kwa kubanwa, na kosa la kubana ni letu. Kosa la kudanganya hatulijui." Nikatia sahihi hapo, si kule mbele.

Bwana shamba alisoma akatikisa kichwa. "Mama, kule ofisini hii hawataweza kuisoma."

"Watafute wa kuwasomea. Na mimi ya kwao nimetafuta wa kunisomea."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Jumatatu lori halikuja. Tulikuwa tumechuma, tukakaa kibandani mpaka jua likapita kichwani. Alhamisi tulilisikia linapanda, likatupita kwenda vikundi vya juu. Maharage yakanenepa shambani yakawa ya kulisha ng'ombe. Yule mjane hakuja kula kwangu; Jumapili kanisani alikaa benchi la mbele yangu na hakugeuka wakati wa kupeana mikono. Binti yake alirudishwa nyumbani kweli. Mume wangu, ambaye hasemi sana, alisema tu, "Ungeweza kuandika na kesho ukasahau." Usiku huo niliandika kwenye daftari kwamba pengine ni kiburi, nikakata. Huo ndio ule mstari uliokatwa, nimeukumbuka sasa: ulikuwa wa Jumapili hiyo, si wa siku ya karatasi. Nimekosea hapo juu.

Jumatatu iliyofuata tulichuma machanga mengine kwa kubahatisha, tukajaza katoni zilizobaki, na lori lilisimama. Bwana shamba akashuka na katoni tupu.

"Haya akina mama, tupakie, ndege haingoji."

Wakaniangalia mimi.

"Ile karatasi?" nikauliza.

"Ipo."

"Upande wao au upande wangu?"

Akatazama barabarani. "Upande wao hauna sahihi, mama. Utafanya kazi gani?"

Sijui kama ofisini walikubali maneno yetu au kama hakuwahi kuyapeleka. Nilisikia pia kwamba kule juu mvua ya mawe ilipiga maharage, na ndege ilikuwa na nafasi. Huenda ni hilo tu. Siwezi kuandika kwamba tulishinda kitu nisichokiona.

Lakini kabla ya kupakia nilimwambia: karatasi nyingine ikija, ije kwa Kiswahili, na iwe na mahali pa sisi kujibu. Akasema hana mamlaka hayo. Nikasema basi apeleke kwa mwenye nayo, nikaketi juu ya bunda la katoni tupu. Bibi akaketi. Yule mjane alinitazama kwa hasira, akasonya, naye akaketi. Dereva akazima injini. Bwana shamba akatoa kijitabu chake, akayaandika maneno yangu, akanisomea, ndipo tukainuka.

Ya Kiswahili haikuja msimu ule. Zilikuja za Kiingereza, moja au mbili kila wiki. Hakuna niliyoitia sahihi kabla haijasomwa kwa sauti mbele ya wote kumi na wanne, mstari kwa mstari, hata siku ambazo dereva alikuwa anapiga honi mfululizo.