Nilivyogeuzwa Kuku Ukweni Kianjai

Aibu hii nilikuwa nimepanga kufa nayo, sitawadanganya. Lakini rafiki yangu Mugendi ameshaieneza kwa kila kinyozi hapa mtaani Majimbo, Embu, na kila akisimulia anaongeza chake (juzi nimesikia eti nilipanda juu ya paa nikawika kama jogoo, uongo mtupu), kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe, ili mkicheka mcheke kitu kilichotokea kweli.

Gatwiri mnamjua, yule mwalimu mrefu ambaye nimekuwa nikimsindikiza stendi kila Ijumaa kama mtu aliyeajiriwa kazi hiyo. Kwao ni Kianjai, kule Meru, na mwaka huu tulikubaliana kwamba sasa imetosha, niende kwao nijulikane. Si mahari bado, ni kwenda tu kubisha hodi na kusema tumeona msichana hapa. Tukaenda watu wachache: Anko Nyaga, ambaye ndiye ndugu mdogo wa marehemu baba na ndiye msemaji wetu, shangazi, Mugendi, na mimi nikiendesha gari la Anko kwa sababu macho yake siku hizi hayaaminiki. Njia nzima Anko alinipa masomo. "Ireri, ukifika huko wewe ni kiti. Umewahi kuona kiti kinaongea? Ukipewa kula, kula. Ukisalimiwa, itika. Na mama yake Gatwiri usimkaribie kabisa, unasikia? Kabisa!"

Hilo la mama mkwe nilikuwa nalijua. Sisi Embu tunaliita nthoni na Wameru vilevile, ni heshima fulani kati ya mwanamume na mama wa mkewe: hamshikani mikono, hamketi pamoja, mkikutana njiani mmoja anapinda akapitie kwa majani. Vijana wengi wameliacha, lakini Gatwiri alinionya kwamba kwao bado wanalishika sana. Tulipofika mama alinisalimia kutoka mlango wa jikoni, mbali, akiangalia mgomba, na mimi nikamwitikia nikiangalia mbuzi. Kila kitu kikawa sawa.

Shida ilikuwa uji. Jameni, ule uji wa wimbi wa Kianjai, uliochachushwa ukaiva, unaletwa kwa kibuyu, na ukimaliza unaongezewa bila kuulizwa, na mimi kwa kuwa nilikuwa kiti nikawa nakunywa tu. Wazee walipoanza kuzungukana na maneno (mnajua vile mazungumzo hayo huenda, nusu saa watu wanaongea kuhusu mvua) nikaona siwezi tena. Nikanong'onea Mugendi, nikatoka polepole nikaenda choo. Mpaka hapo sijakosea mtu.

Nikirudi ndipo nikapata watoto nyuma ya nyumba wamechutama kwa duara, wengi tu, wa boma lile na wa majirani, na katikati yao amesimama msichana mdogo mwenye pengo, mikono kiunoni, anagomba. Huyo ni Kathure, mtoto wa kaka yake Gatwiri. Mmoja wao alikuwa ameitwa akafunge ndama, na sasa duara lilikuwa na nafasi wazi. Akaniona.

"Wewe dere! Si ukuje ujaze hapo?"

Aliniona nikishuka kwa usukani, kwa hiyo akajua mimi ni dereva wa wageni. Sasa hapo ndipo ningesema, hapana mtoto mzuri, mimi ndiye bwana harusi, nina mambo ndani. Lakini nilisikia raha sana kuitwa dere baada ya saa nzima ya kuwa kiti, halafu mchezo wenyewe niliutambua, ni ule tulicheza sana utotoni, mmoja anazunguka nje ya duara na kitambaa, anakiangusha kimyakimya nyuma ya mtu, mnakimbizana, anayewahi kuketi kwa ile nafasi amepona. Nikasema dakika moja tu. (Hiyo dakika moja, ndugu zangu!)

Nikachutama. Kitambaa chao kilikuwa jani la mgomba, kila likiangushwa upepo unalipeleka kwa mtu mwingine na ugomvi unaanza upya, sasa mimi kwa akili yangu ya mtu mzima nikafungua tai, nikawapa. Tai nyekundu. Wakafurahi sana. Halafu nikaona koti litachafuka, nikalitundika kwa ua. Halafu viatu vya ngozi vinateleza kwa nyasi, nikavitoa na soksi nikaziweka ndani. Sasa mtu angechungulia wakati huo angeona nini? Angeona bwana harusi amevuliwa nguo na watoto.

Mara tai ikaanguka nyuma yangu. Nikaruka, nikamfuata yule kijana aliyeiangusha, kwa sababu kwetu Embu unamfuata mtu kwa nyuma umshike. Watoto wote wakapiga kelele. Kathure akanisimamisha kama polisi wa barabarani.

"Dere, unakimbia wapi? Hapa kwetu hatufuatani! Yeye anaenda huku, wewe unaenda kule, mkikutana mnashikana mikono, unasema 'Muga!', na yeye anasema 'Muga mono!', ndio kila mtu anaendelea na njia yake."

"Mnasalimiana katikati ya mbio?"

"Kwani kwenu mnapita watu bila kuwasalimia?"

Akaendelea kunieleza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma sheria ya nchi: usiposalimia umeshindwa, usipoitikiwa mchezo hauendelei, na anayekosa nafasi anaingia katikati anakuwa kuku, analia kama kuku mpaka apatikane mwingine. Nikasema nimeelewa. Nikasema tena turudie, ile ya kwanza nisihesabiwe, na hapo nilikuwa nimeshasahau kabisa niko Kianjai kwa sababu gani. Nilitaka kushinda.

Sasa wakati huo huo ndani ya nyumba (Mugendi ndiye aliniambia baadaye, na hili naliamini kwa sababu shangazi pia alisema) Anko Nyaga alikuwa amesimama ananisifu. Alikuwa anasema, "Huyu kijana wetu ni mtulivu. Hana haraka. Ukimweka mahali, utampata hapo hapo."

Na Kathure mwenyewe ndiye aliyeshika tai. Alizunguka mara ya kwanza akanipita, akazunguka tena akiimba kwa sauti ndogo, akaiangusha nyuma yangu na kuruka kama swala. Mimi magoti yalikuwa yamekufa ganzi kwa kuchutama, mpaka niinuke, niokote tai, nigeukie ule upande wa sheria ya Kianjai, yeye alikuwa ameshamaliza karibu duara lote, hivi kwamba tungekutana hatua chache tu kutoka kwa nafasi yangu. Nikainamisha kichwa kama fahali. Nikanyoosha mkono. Nikaona sketi inakuja. Nikakamata mkono nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote:

"MUGAAA!"

Haukuwa mkono wa Kathure. Kathure alikuwa amemwona nyanya yake anatoka jikoni na bakuli la mukimo, vile viazi vya kupondwa na mahindi, kuwapelekea wazee, akamkwepa, akajificha nyuma yake. Mkono niliokamata ulikuwa mnene, wa moto, na una pete ya ndoa.

Mama Gatwiri alisema "Uuuwi!", bakuli likaenda juu, na kwa vile nilikuwa na mwendo na yeye alikuwa na mwendo, tulizunguka wote wawili kama watu wanaocheza dansi, tukaachana, mimi nikaenda kwa ua na yeye akarudi nyuma, nyuma, nyuma, mpaka akaketi. Akaketi chini, pu, miguu imenyooka mbele. Mukimo nusu ukatua kwa shati langu jeupe na nusu kwa kichwa cha mtoto mmoja mnene anaitwa Mwenda, ambaye hakulia wala kushtuka, alianza tu kujikusanya na kula.

Halafu Kathure akaangalia nyanya yake ameketi wapi. Ameketi kwa nafasi yangu! Pale pale katikati ya watoto wawili, kama aliyepimiwa.

"Nyanya ameketi! Dere ameshindwa! Dere ni kuku!"

"Kuku! Kuku! Kuku!" watoto wote, wanapiga makofi.

Naomba mnielewe hapa, kwa sababu hapa ndipo watu huniuliza, Ireri, kwa nini? Sijui kwa nini. Mtu akiwa ameshikana mikono na mama mkwe wake akili inaondoka mwilini, anabaki anafuata yeyote anayetoa amri, na pale aliyekuwa anatoa amri ni Kathure. Nikaingia katikati. Nikachutama, nikakunja mikono ikawa mabawa, nikaanza. Kwaa, kwa-kwa-kwa. Kwaa!

Na wazee wakatokea.

Walikuwa wamesikia lile "uuuwi" wakadhani ni nyoka. Mzee Kirimi, babake Gatwiri, mtu mnyamavu ambaye tangu asubuhi sikuwa nimeona meno yake, alikuwa mbele na fimbo tayari kumpiga nyoka. Nyuma yake Anko Nyaga. Wakaona mama ameketi chini kwa duara la watoto, na kijana mtulivu asiye na haraka yuko peku, hana koti, amepakwa mukimo, analia kama kuku. Gatwiri alitoka jikoni, akaangalia mara moja, akajifunika uso kwa leso akarudi ndani. Anko Nyaga alifungua mdomo ukabaki wazi.

Nikashusha mabawa. Na hapo nikasikia sauti ya mama, hakuniangalia, alikuwa anaangalia mgomba ule wa asubuhi, mabega yanatetemeka:

"Kathure, mwambie kuku huyo mimi sijamsikia vizuri."

Alikuwa anacheka! Anajizuia mpaka machozi yanatoka. Lakini mzee mmoja, kaka mkubwa wa Mzee Kirimi, hakucheka hata kidogo. Alisema nthoni imevunjwa, mkono umeshikwa mbele ya watu wote, na mambo kama haya hayaachwi hivi hivi, pengine wageni warudi nyumbani tungoje mwaka mwingine. Ndipo moyo wangu uliposhuka kweli. Mukimo unafuliwa, lakini kurudi Embu bila jibu, kwa ajili ya mchezo wa watoto, hilo sikujua ningemwambiaje Gatwiri. Nilisimama pale na tai yangu mkononi nikaona maisha yangu yote yanaondoka.

Mzee Kirimi akaweka fimbo chini. Akamwita Kathure, akamuuliza pole pole ni nini kimetendeka.

"Guka, yeye alisalimia tu," Kathure akamwambia babu yake. "Ndio sheria. Ukikutana na mtu lazima umsalimie na mkono. Na mchezo haujaisha, kwa sababu hajaitikiwa."

"Hajaitikiwa?"

"Alisema muga. Nyanya hajasema kitu."

Wazee wakaangaliana. Yule kaka mkubwa akataka kusema, akakohoa, akajipanga, na katikati ya kujipanga huko sijui nini kilimshinda, alitoa kicheko kimoja kikubwa kwa pua na akageuka haraka eti anaangalia ndama. Basi ikawa imefunguka. Shangazi yangu alicheka akashika ukuta. Mama Gatwiri aliinuliwa na wanawake, akapangusa sketi, akaenda mpaka mlango wa jikoni, na hapo, akiwa ametupa mgongo, akasema kwa sauti ambayo boma zima lilisikia:

"Kathure, mwambie mgeni. Muga mono."

Sitasema nililia. Moshi ulikuwa mwingi siku hiyo.

Tuliitwa ndani tena, nikapewa shati la Mzee Kirimi lililonifika hapa juu ya kitovu, na mambo yakaongewa yakaisha vizuri, tukaambiwa turudi Desemba na watu wetu. Anko Nyaga hakuniongelesha njiani. Tulipita Nkubu kimya, tukapita Chuka kimya, na baada ya Runyenjes ndipo akageuka, akaniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Hebu lia tena kidogo." Nikalia. Alicheka mpaka tukaegesha gari kando.

Sasa nimeapa, na shangazi ni shahidi: Desemba nikifika Kianjai nitabaki ndani ya gari mlango umefungwa mpaka niitwe kwa jina, na nikiona watoto zaidi ya wawili wamekaribia kushikana mikono nitaangalia upande mwingine. Mtu mzima hapaswi kuingia kwa duara la watu kabla ya kujua kwao wanakimbilia upande gani. Nilimpigia Gatwiri nikamwambia hivyo, awaambie nyumbani nimeacha michezo kabisa.

"Sawa, nitawaambia," akasema. "Lakini mama amenunua raba za mbio. Anasema ni za shamba."