Senti ya Mzee Mehta

Nilikuwa na miezi michache tu katika duka la sarafu za kale, mtaa wa Tooting huku ughaibuni, na siku hiyo tajiri wangu aliniachia kaunta kwa mara ya kwanza.

Akaingia Mzee Mehta, mzaliwa wa Mombasa, akaweka mbele yangu senti kubwa ya Marekani, kama zile za shaba za mwanzo kabisa.

"Kijana, nilitaka kuuliza..."

"Subiri kidogo, mzee," nikamkatiza, nikashika lenzi. Nikamweleza kwamba ile rangi ya hudhurungi ni yake ya asili, haijasuguliwa, na kwamba nywele za mwanamke aliyechorwa juu yake hazijalika hata kidogo. Wateja wawili wakasogea kusikiliza, nami nikapandisha sauti. Nikasema sarafu kama hii inaweza kumnunulia mtu nyumba.

Tajiri akarudi, akanisikiliza, kisha akatoa sumaku kwenye droo. Sarafu ikaruka, ikanata.

"Shaba haivutwi na sumaku," akasema.

Mzee Mehta akakohoa. "Najua ni ya bandia. Ni ya maigizo ya shule ya mjukuu wangu. Nilitaka kuuliza kama mnazo nyingine."