Mafuta ya Kujipaka Ndani ya Kompyuta

Ijumaa nilimsindikiza jirani yangu hadi saiba ya kompyuta mjini Rangwe, kuchapisha wasifu wa marehemu mamake. Mazishi yalikuwa kesho yake. Fundi wa pale alikuwa ametoka kubadilisha prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Kompyuta iliwaka, ikachemka, ikazimika na nakala pekee ya wasifu ndani.

"Ulipaka ile dawa ya kutoa joto?" mwenye saiba akamuuliza.

"Iliisha, boss. Nikapaka mafuta ya kujipaka. Si yote ni mafuta?"

"Nyathina, mwanangu, unga ukiisha unasonga ugali na majivu?" nikamwambia fundi.

Jirani alikuwa akipangusa kioo cheusi kwa leso, polepole, kama uso wa mgonjwa.

Tulimzika mama bila kusomewa maisha yake. Fundi alikuja matangani, uso uking'aa. Kumbe mafuta yale ni mazuri, yakipakwa mahali pake.