Injini Iliyomvunja Jannik
Roswitha Thielen ni mwepesi wa ngumi kuliko mwanamume yeyote wa kijiji chetu, na simsingizii. Aliwahi kumng'oa jino dereva mwenzake wa gari la kuvuta magari mabovu kwa kosa la kumtangulia kufika kwenye ajali. Mumewe alipofungasha virago, alisindikizwa kwa betri ya lori iliyomkosa kichwa padogo. Mimi hubadilisha matairi mlango wa pili kutoka gereji yake, na asubuhi kabla hajanywa kahawa nampisha njia.

Hapa milima ya Eifel tunakula kwa sababu ya barabara ya mbio. Unalipa getini, unaingia na gari au pikipiki yako, unakimbiza mpaka uchoke au ugonge. Wanaogonga huvutwa na Roswitha.

Jumapili ile alivuta gari la kijivu la mashindano, mali ya Torben Vennemann wa Düsseldorf. Torben alikuwa amelikimbiza sana tangu mchana, kisha injini ikapasuka kwenye kona ndefu na kumwaga oili yote barabarani. Nyuma yake alikuwa anakuja Jannik, kijana wa Ewald Pauly mwokaji mikate, juu ya pikipiki. Alikanyaga oili akaserereka hadi kwenye vyuma vya kando, vikamkata mguu chini ya goti. Roswitha ndiye mama yake wa ubatizo. Alimfunga mguu kwa mkanda wake wa suruali, helikopta ikamchukua hajitambui, naye Roswitha akarudi gereji na lile gari pamoja na Torben, damu ya kijana imemfika viwikoni.

Nilikwenda kumsaidia, na hatujamaliza kulishusha Ewald akaingia na nduguze wawili. Mkononi alishika nondo.

"Yuko wapi huyo mbwa?"

Torben alijibanza nyuma ya gari lake. "Injini imekufa ghafla, mzee wangu. Naapa sikusikia kitu."

Nondo ilipasua kioo cha mbele. Ndugu mmoja alimkwida Torben shati, akambamiza ukutani mpaka makopo ya rangi yakaporomoka, pua ikabubujika damu. Nilijitia kuamua ugomvi, nikala kiwiko cha mbavu na kukaa sakafuni bila kupenda.

"Mwacheni kwanza," Roswitha alisema. "Ewald, nisikilize. Injini ikikatika bolti, inakufa papo hapo, dereva hana la kufanya. Lakini ikikosa oili kwenye kona, inaanza kunoki. Inagonga kama nyundo, hata kiziwi ataisikia. Anayesikia akazima, barabara inabaki kavu. Naifungua sasa hivi, tutajua."

"Ifungue. Kama alisikia, hatoki humu mzima."

Hakuwa anatisha tu. Mtu niliyenunua mkate kwake maisha yangu yote alikuwa amekuja kuua, na mikono yake ilikuwa imetulia kabisa.

Roswitha aliingia chini ya gari. Ubavuni mwa injini palikuwa na tundu la kupitisha ngumi, mahali chuma cha pistoni kilipotokea. Alifungua filta ya oili, akaipasua kwa mkasi wa bati, akaikunjua kiganjani. Pale sakafuni nilikuwa usawa wa mkono wake, nikaona. Filta ilikuwa imejaa chenga za chuma zinazometa. Chenga nyingi hivyo hazitoki kwa mara moja. Beringi ilikuwa imesagika mzunguko mzima wa barabara au zaidi, ikigonga, na bwana huyu bado anakanyaga mafuta.

Roswitha alifumba kiganja.

"Bolti," alisema. "Imekatika. Hakujua."

Nondo ikamtoka Ewald, akalia kwa sauti mbaya, na nduguze wakamshika kumpeleka hospitali.

Roswitha alifunga mlango kwa komeo, akamfungulia Torben kiganja mbele ya uso.

"Uliisikia?"

Torben alitazama zile chenga. "Zilibaki kona chache, mama. Nilikuwa navunja rekodi yangu ya muda. Nilidhani itafika."

Ngumi ya kwanza ilivunja taya, niliisikia ikivunjika. Alimwinua akampa nyingine. Alimpiga huku akilia, akimtajia jina la Jannik kila ngumi inapotua, na mimi sikunyanyuka. Nilifurahi, kusema kweli. Alipoishiwa pumzi aliwapigia polisi simu mwenyewe. Walipofika akawakabidhi filta.

"Hii ni kesi yake," alisema. "Taya ni kesi yangu."

Ewald aliambiwa ukweli na polisi kesho yake, kando ya kitanda cha mwanawe. Alikuja moja kwa moja gereji, bado na nguo za jana.

"Ulinidanganya damu ya mwanangu ikiwa bado mikononi mwako," alisema. "Yule alikuwa wangu."

"Ungemuua."

"Ndiyo. Ningemuua."

"Na Jannik ataamka hana mguu, akuulizie uko wapi, aambiwe gerezani? Nilitaka aamke akukute, Ewald. Basi."

Ewald alimchapa kofi lililomyumbisha mpaka kwenye meza ya vifaa. Nilisogea nyuma, maana namjua jirani yangu. Roswitha alijishikiza kwenye meza, akasimama sawasawa mbele yake, mikono chini, akamngojea aongeze la pili kama anataka.