Bangili ya Mama

Kinyozi wa mtaani kwetu bado anauza yale mafuta ya nywele yanayonukia waridi. Leo nilipoyanusa nilimkumbuka karani wa bandarini aliyekuwa akijipaka mafuta hayo, yule aliyeahidi kumwoa dada yangu.

Alikuwa amechukua bangili ya dhahabu ambayo marehemu mama alimwachia dada, akisema sonara Mhindi ataitumia kupimia bangili ya harusi. Hakurudi tena. Kila jioni nilimwombea aumwe na tumbo.

Jumapili moja mchana dada alinipeleka sinema hapa Kisumu. Ilikuwa picha ya Wazungu, ya mwizi mtanashati na mwanamke mrembo waliopendana huku wakiibiana vito. Ukumbi mzima ulicheka mwanamke alipombusu mwizi na kumvua pete bila yeye kuhisi.

Taa zilipowashwa wakati wa mapumziko, tulimwona karani viti viwili mbele yetu. Msichana aliyekaa naye alivaa bangili yetu.

Dada alimwendea msichana akitabasamu. "Habari yako, mama," akasema, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili, akamsalimia kwa muda mrefu sana. Kisha akarudi kuketi.

"Bangili yangu iko wapi?" msichana akapiga kelele.

Dada aliinua mkono ili kila mtu aione. "Hii ni ya marehemu mama yangu. Muulize huyo bwana aliipata wapi."

Karani alitoka mbio, akasahau kofia yake kitini. Niliikanyaga mpaka ikawa kama chapati.