Isoma ya Tatu ya Mhogo

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa mtu wa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, vile vya soli ndefu. Alishuka navyo Kasulu kwenye tope la masika, akatutazama sisi watoto wa Waha kana kwamba ndio tuliolimwaga. Hakumaliza kipindi bila kutuambia vichwa vyetu vimejaa maharage. Nilimdharau tangu wiki ya kwanza, na sijaacha.

Mimi nilitaka utabibu. Bila kemia hakuna utabibu, na yeye ndiye aliyeamua nani aendelee na kemia kidato cha tatu.

Siku moja alifundisha amonia inavyoshikana na ioni ya hidrojeni. Akasema kila upande unatoa elektroni moja. Jamani, ioni ile haina elektroni hata ya dawa, itatoa nini? Nikaeleza kwa mfano wa kwetu Kagerankanda: mwenye nyumba analeta mtungi wa pombe ya mtama, mgeni anakuja na mrija wake tu, wanakunywa wote. Naitrojeni ya amonia ndiye mwenye mtungi. Akasema hataki habari za walevi darasani kwake.

Wiki iliyofuata akaja na isoma za butani, yaani atomi zile zile zilizoungana kwa mpangilio mwingine. Kaboni zilikuwa vipande vya mhogo, kaviunga kwa njiti. Mnyororo ulionyooka, isoma ya kwanza. Wenye tawi, ya pili. Akaunga mwingine kama ule wa kwanza, akaupinda, akatangaza ya tatu, kifua mbele.

Nikaenda mbele bila kuitwa, nikaunyoosha bila kuchomoa njiti hata moja.

"Ni ule ule, mwalimu. Mtu akikunja mguu hawi mtu mwingine."

Alielewa. Nilimwona kabisa ameelewa. Lakini mtu wa raizoni ashuke? Akanifukuza kemia moja kwa moja, na mkuu wa shule akamuunga mkono, maana mwalimu wa kemia alikuwa huyo huyo mmoja.

Kwenye jaribio la mchujo wa kemia ya kidato cha tatu akauliza butani ina isoma ngapi. Wenzangu, walioona kwa macho yao, wakaandika tatu. Wote wakapita. Rafiki yangu wa Titye, tuliyekaa naye dawati moja, nilimuuliza kwa nini.

"Wewe baki na ukweli wako," akasema. "Mimi nataka utabibu."

Akaupata, na ndiye tabibu wa hapa Kibondo ninapoishi sasa. Nikiugua, napanda basi naenda Kigoma.