Martha wa Kumi na Nne Anaitwa Nyaboke

Alfajiri, kabla kiyoyozi cha sebuleni hakijawashwa, Phoebe Nyaboke anakaa kwenye kigoda cha jikoni akisugua vijiko vya fedha. Kila kijiko kina mbweha aliyechongwa mpinini, nembo ya ukoo wa Hallam-Crewe wa Uingereza. Vijiko hivyo vimesafiri kutoka jumba la Ashcombe hadi nyumba hii ya Al Wukair, nchini Qatar, na kikionekana hata kimoja chenye doa, atakaripiwa.

"Martha," sauti inaita kutoka ghorofani.

Nyaboke anaweka kitambaa chini na kupanda ngazi. Hajawahi kubatizwa Martha.

Anayeita ni Lady Beatrice Hallam-Crewe, mjane wa miaka 71 anayeishi Doha na mwanawe mhandisi. Ukimpa nafasi, atakusimulia Ashcombe mpaka chai ipoe: babu aliyepewa ardhi na mfalme, vyumba sitini, shangazi aliyetoroka na fundi wa kupaka rangi. Anaandika historia ya ukoo wake. Alhamisi ataisoma kwenye hoteli moja ya Al Sadd, kuchangisha fedha za kuezeka upya paa la jumba.

Ndani ya historia hiyo kuna desturi anayojivunia. Mtumishi wa ndani wa familia, awe ametoka wapi, huitwa Martha. Bibi wa bibi yake alichoka kujifunza majina mapya kila mara, akaamua moja litatosha. Nyaboke ni Martha wa kumi na nne.

"Ni heshima," Lady Beatrice anamwambia mwandishi wa makala hii, na inaonekana anaamini anachosema. "Anaingia katika historia yetu."

Heshima gani hiyo ya kumvua mtu jina lake? Nyaboke, mwenye umri wa miaka 34, anatoka Nyamira, magharibi mwa Kenya. Kwa Wakisii, watu wa kwao, mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyefariki, ili jina lisipotee. Nyaboke alikuwa nyanya yake, mama wa mama yake.

"Mwanzoni nilinyamaza," anasema. "Nilikuwa na mtoto wa kusomesha. Nikajiambia ni jina tu, wacha waniite vile wanataka. Sikujua litaniuma hivi."

Mwaka jana mama yake, Kemunto, alilazwa akiwa mahututi. Aliomba jambo moja tu, kusikia sauti ya bintiye. Lakini simu ya Nyaboke ilikuwa kwenye droo ya jikoni, maana sheria ya nyumba hiyo ni kwamba haishikwi mpaka kazi iishe. Ndugu zake wakampigia Velma, binamu yake anayefanya kazi hotelini Al Sadd. Velma akaomba ruhusa kazini na kuchukua teksi hadi getini.

Mlinzi siku hiyo alikuwa Mutai, Mkenya mwenzao, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi.

"Aliniuliza Nyaboke," Mutai anasema akitazama chini. "Mimi nilikuwa nimeambiwa kwa hiyo nyumba anafanya Martha. Nikamwambia, dada, hapa hakuna Nyaboke. Kumbe ni huyo huyo. Hiyo kitu inanisumbua mpaka leo."

Velma alidhani binamu yake amehamia kwa mwajiri mwingine. Akarudi zake, akawaambia wa nyumbani kwamba hapatikani. Jioni Nyaboke alipofungua droo na kupiga, mama alikuwa ameshapoteza fahamu. Hakuamka tena.

"Mama alienda akifikiri sikutaka kuongea na yeye," Nyaboke anasema. Hamlaumu Mutai, na amemwambia hivyo.

Lady Beatrice alimpa pole na siku mbili za kupumzika. Zilipoisha, akamwita Martha.

Mwandishi alimuuliza Lady Beatrice majina halisi ya wale Martha wengine kumi na watatu. Alisema hayakuhifadhiwa. Ila mbwa waliozikwa katika bustani ya Ashcombe anawajua wote, kwa sababu kila mmoja ana jiwe lenye jina lake. Aliwataja bila kukwama: Juno, Pepper, Admiral, akaendelea. Inakera, na hakuna sababu ya kulipaka jambo hili sukari.

Sasa anataka Nyaboke apande jukwaani siku ya Alhamisi akiwa na kofia nyeupe na aproni ya watumishi wa zamani, ili wageni wamwone Martha wa leo. Kofia imeshashonwa, imetundikwa kwenye mlango wa stoo.

Wiki hii Nyaboke alimjibu ana kwa ana. Kofia atavaa na sinia atabeba, lakini atambulishwe kwa jina lake. Lady Beatrice alicheka kidogo, akasema wageni watachanganyikiwa.

"Basi akiita Martha, nitabaki pale pale nimesimama," Nyaboke anasema. "Anajua. Nimemwambia, Madam, mimi sitakuja."

Na akifutwa kazi?

Anainua kijiko cha mwisho kwenye mwanga, anakitazama pande zote mbili, kisha anakilaza pamoja na vingine.

"Amfute Martha," anasema. "Nyaboke atatafuta kazi kwingine."